Funjo lawa nembo ya Mara ya chini: shajara ya mradi

Juni. Uteuzi wa mmea

Hii ni shajara ya mradi wa kuchagua mmea uwe nembo ya kidakio (eneo linalomwaga maji yake mtoni) na kuupanda kwenye kingo zilizochimbika. Kidakio kinachohusika ni sehemu ya chini ya Mto Mara, kuanzia pale mto unapotoka Serengeti na kupoteza kasi, hadi daraja la Kirumi na mdomo wake Ziwa Victoria. Mto wenyewe unatoka mbali. Nyangores na Amala hushuka kutoka msitu wa Mau nchini Kenya, huungana, hupita Maasai Mara na Serengeti, ndipo maji yanatanda kwenye ardhioevu ya upande wa Butiama, Rorya na Tarime, nchini Tanzania. Huku chini ndiko kwenye mafunjo. Kule juu, kwenye vijito vya mawe na maji ya kasi, hayapo, kwa hiyo nembo hii ni ya Mara ya chini tu. Hakuna sababu ya kuwabandika watu wa Bomet, kule juu Kenya, mmea wasiouona.

Mapendekezo yalikuwa manne: mkuyu, yungiyungi, matete na funjo. Mkuyu unaheshimika, ila unaota kando ya mito karibu yote ya nchi hii na hausemi lolote la pekee kuhusu Mara. Yungiyungi linapendeza kwenye mchoro, lakini linataka maji yaliyotulia na yanayopitisha mwanga, na Mara ikijaa ina rangi ya chai ya maziwa. Matete yalikaribia kupita. Kilichoyaangusha ni kwamba yana mafundo na majani marefu ubavuni. Fundi rangi asiye makini akiyachora, anayepita barabarani anaona mmea wa mahindi.

Funjo (Cyperus papyrus) likapita, lakini si kimyakimya. Pingamizi lilitoka kwa wakulima wa kandokando, na lina msingi: ardhioevu ya Mara imetanuka tangu miaka ya 1970, na palipokuwa na mashamba na malisho sasa ni mafunjo. Kwa mkulima wa namna hiyo, kulitia funjo kwenye nembo ni kumtukuza mvamizi. Jibu lililokubalika ni la kimazingira. Funjo halitengenezi tope, linalifuata. Tope limeletwa na mmomonyoko wa huko juu, misitu ilikokatwa na miteremko ikalimwa, na ziwa nalo limekuwa likipanda na kurudisha maji nyuma: kati ya 1961 na 1964 lilipanda zaidi ya mita mbili, na Mei 2020 likavuka kidogo hata kiwango cha 1964. Ukiondoa mafunjo, tope linabaki palepale, tena bila kitu cha kulishika.

Masharti mawili yaliandikwa pamoja na uamuzi. Kwanza, upandaji utafanyika kwenye kingo zilizochimbika peke yake, ndani ya mita 60 ambazo kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinazilinda, wala si kuelekea mashambani. Pili, uvunaji wa mikeka, paa na uzio utaendelea kwa utaratibu. Nembo ambayo mwenye nayo haruhusiwi kuigusa itachukiwa ndani ya mwaka mmoja.

Kwa kuwa mchoro, kitalu na upandaji vyote vinategemea kulijua funjo lenyewe, hizi ndizo alama zake. Bua lina pembe tatu butu. Likamate kwa vidole gizani utazihisi. Halina fundo hata moja kuanzia chini hadi juu, na halina majani, isipokuwa magamba ya kahawia yanayofunika shina lake kwenye tope. Juu kabisa kuna shungi la nyuzi nyingi nyembamba za kijani zinazoinama pande zote. Bua zima hufika mita 4 hadi 5 mahali penye rutuba. Ndani ni sponji nyeupe yenye vijumba vya hewa, na vijumba hivyo ndivyo vinavyopeleka hewa chini kwenye matope yasiyo na oksijeni. Yeyote anayekata, kupanda au kuvuna mafunjo lazima akumbuke hiyo sponji, maana karibu kila kinachoharibika huharibikia hapo. Ni ukoo mmoja na ndago wa shambani, jambo linaloeleza kwa nini likishashika halitoki kirahisi.

Julai. Kupima ukingo

Kipimo cha mita 60 kinaanzia wapi? Ukianzia kwenye maji ya Julai utakuwa umeweka nguzo ambazo Aprili zitakuwa ndani ya mto. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kutafuta kimo cha juu cha maji, na Julai ni mwezi mzuri kwa sababu alama za masika bado zinaonekana: takataka na majani makavu yaliyonasa kwenye vichaka, mstari wa tope kwenye magome ya miti, na doa kwenye nguzo za daraja. Kila mita 50 za ukingo tafuta alama tatu za namna hiyo, uchukue ya katikati. Ile ya juu kabisa mara nyingi ni takataka zilizorushwa na wimbi au kuachwa na ng'ombe.

Kimo huhamishwa kutoka alama moja hadi nyingine kwa mpira wa maji ule wa waashi, wa kipenyo cha milimita 10 na urefu wa mita 20. Hakikisha hauna mapovu. Povu moja la sentimita chache linatosha kupotosha kipimo. Kisha tepu hunyooshwa kuelekea nchi kavu kwa pembe mraba na ukingo, ikiwa mlalo, wala isifuate mteremko wa ardhi. Penye mteremko mkali pima vipande vya mita 5 kwa timazi, ngazi kwa ngazi.

Mstari huu haukamiliki bila ofisa wa bodi ya maji ya bonde. Jumuiya ya watumia maji inaweza kupima na kupendekeza. Kuthibitisha si kazi yake. Kibali cha kuchukua vipande vya mafunjo na cha kufanya kazi ndani ya eneo la hifadhi kiliombwa kwa barua moja pamoja na mchoro wa mkono unaoonyesha urefu wa ukingo, wapi patachukuliwa vipande na wapi patapandwa. Barua zisizo na mchoro hurudishwa.

Sehemu iliyochaguliwa kuanza nayo ni mita 100 za ukingo uliochimbwa na kwato, penye mteremko mpole na tope la kina cha nusu mita. Kingo zilizosimama wima zimeachwa kwa sasa. Funjo haliwezi kushika ukuta wa udongo unaomeguka. Panahitaji kwanza kulazwa mteremko, na hiyo ni kazi nyingine.

Agosti. Vipande na kitalu

Hesabu ya vipande kwa mita 100, mistari mitatu: mstari wa mbele kwenye maji, nafasi ya sentimita 50, vipande 200, mstari wa kati na wa nyuma, nafasi ya mita 1, vipande 100 kila mmoja. Jumla 400. Ongeza robo kwa ajili ya kufidia, inakuwa 500.

Njia za kupata miche ni tatu. Mbegu ni ndogo mno, zinataka mwanga, na zinaota juu ya tope lenye unyevu lililofunuliwa na maji, si chini ya maji. Porini hivyo ndivyo mafunjo mapya yanavyoanza maji yanaporudi nyuma. Kitaluni ni kazi ya subira ambayo mradi mdogo hauihitaji. Njia ya pili ni kuliinamisha shungi kichwa chini ndani ya ndoo ya maji: vichipukizi na mizizi hutoka pale nyuzi zinapokutana baada ya wiki chache. Inavutia wanafunzi na inafaa kwa maonyesho ya shule, lakini miche yake ni dhaifu na inachelewa. Njia ya kazi ni ya tatu: kugawa shina la matopeni, lile nene linalolala na kutoa mabua.

Kipande kizuri kina urefu wa sentimita 20 hadi 30, ncha yenye chipukizi hai jeupe au la waridi, mabua machanga mawili au matatu, na mizizi yake. Shina lililozeeka ni jeusi na likikatwa ndani ni kahawia, liache, litaoza. Chukua upande wa nchi kavu wa tindiga (eneo la mafunjo yaliyosongamana), si upande wa maji. Upande wa maji pia una machipukizi mazuri, tena mengi, lakini huko mkeka wa mizizi unaelea, na ukiukatakata unaweza kumeguka ukaondoka na upepo. Madhara ya mkeka ulioachia si madogo: Aprili 2020 kisiwa kinachoelea kiliziba mitambo ya umeme ya Jinja, na Uganda nzima ikakosa umeme. Hata upande wa nchi kavu usichukue zaidi ya kipande kimoja kila mita 4, ili jeraha lizibe lenyewe.

Panga lazima liwe kali. Panga butu huponda sponji, na sponji iliyopondwa huingiza maji na kuoza kuanzia pale. Mabua hupunguzwa yabaki na sentimita 50, ili yasipoteze maji na yasisukumwe na upepo. Kipande kikitoka matopeni kinaingia kwenye gunia lililoloweshwa, kinafunikwa, na kinapandwa siku hiyohiyo. Mizizi ikikauka juani kwa saa moja, kipande kitaonekana kizima kwa wiki mbili kisha kitanyauka chote, na watu watalaumu udongo.

Kitalu ni tuta lililochimbwa upana wa mita 1.2, urefu wa mita 10 na kina cha sentimita 30, likatandikwa karatasi ya nailoni nzito. Juu yake sentimita 15 za tope la mtoni lililochanganywa na samadi iliyoiva, ndoo tatu za tope kwa ndoo moja ya samadi. Samadi mbichi huchemka na kuunguza mizizi. Kwa nafasi ya sentimita 25 mita moja ya mraba inabeba vipande 16, kwa hiyo vipande 500 vinataka matuta matatu. Maji yasizidi sentimita 5 juu ya tope. Watu wengi huzidisha wakidhani mmea wa majini unataka kuzama.

Maji yaliyosimama huleta mbu. Matuta yanafunguliwa na kumwagwa mara moja kila wiki, kisha yanajazwa upya siku ya pili. Kiluwiluwi wa mbu huhitaji karibu wiki nzima ya maji kukomaa, na funjo halidhuriki kwa siku moja ya tope tupu. Vifaranga vya perege navyo hula viluwiluwi, ila ndani ya sentimita 5 za maji ya Agosti wanakufa kwa joto na kuliwa na nyangenyange.

Septemba. Mchoro na nguzo

Tarehe 15 Septemba ni Siku ya Mara, inayoadhimishwa kila mwaka na Kenya na Tanzania, na ilikuwa kikomo cha kumaliza mchoro. Toleo la kwanza la mchoro lilikuwa na bua la duara na nyuzi zilizosimama juu. Hiyo ilikuwa minazi midogo. Toleo lililokubaliwa lina mambo matatu tu: bua moja lenye mstari wa ubavu unaoonyesha pembe, shungi linaloinama, na mawimbi mawili chini. Nyuzi za kweli ni nyingi mno kuchorwa, zikapunguzwa hadi tisa. Namba hiyo haina maana yoyote iliyofichika. Zaidi ya tisa, kwenye upana wa sentimita 15, nafasi kati ya nyuzi inakuwa nyembamba kiasi kwamba rangi inaziba na zege linamung'unyika.

Aliyeuliza kama inafaa kuchagua mmea kuwa alama ya eneo apewe mfano wa kale: Misri ya Chini, ile ya delta ya Nile, ilitumia funjo kama alama yake maelfu ya miaka iliyopita. Mara inatumia mmea uleule, ikiwa karibu zaidi na chanzo cha maji ya Nile kuliko Misri.

Mabango ya bati yalikataliwa mapema. Chuma kilichosimama peke yake kando ya mto huishia kwa wanunuzi wa chuma chakavu, na mbao huliwa na mchwa. Kilichobaki ni nguzo za zege zenye nembo ndani ya zege lenyewe, zikitumika pia kama alama za mita 60.

Vipimo vya nguzo moja: sentimita 15 kwa 15, urefu 120, ambazo 50 zinakwenda ardhini. Nondo nne za milimita 8, na ringi za milimita 6 kila sentimita 20. Zege ni saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne. Mfuko wa kilo 50 unatoa nguzo tano na kubakiza kidogo cha kumwagika. Nguzo moja ina uzito wa karibu kilo 65, hivyo panga mkokoteni mapema. Kuzibeba begani kwenye tope ni kuvunja watu na nguzo pamoja.

Nembo inaingizwa hivi. Kata nyayo za kandambili zilizochakaa, zile za mpira mnene wa sentimita 1, kwa wembe wa fundi viatu kufuata mchoro. Kila uzi usiwe chini ya milimita 6, na kingo zake zikatwe kwa mwinamo kidogo, pana upande unaogusa ubao. Zikikatwa wima, mpira unang'ang'ania na kung'oa zege unapoutoa. Gundisha vipande ndani ya boksi la mbao kwa gundi ya viatu, paka boksi lote oili chafu ya gari kwa kitambaa, mwaga zege, ligongegonge boksi kwa nyundo ya mbao mpaka mapovu yaache kutoka. Fungua boksi siku ya pili. Mpira unatolewa kwa ncha ya bisibisi kuanzia kwenye mawimbi, kwenda juu. Nguzo inafunikwa kwa magunia yanayomwagiwa maji kwa siku saba. Zege lililoachwa kwenye jua la Septemba bila maji linapasuka nyufa nyembamba, na nyufa hizo huanzia kwenye nyuzi za shungi, mahali penye pembe kali.

Maandishi yakiwekwa lazima yakatwe kinyume. Funjo lenyewe linafanana kulia na kushoto, halina shida hiyo. Kijani hupakwa ndani ya shimo la mchoro tu, kwa brashi nyembamba, zege likishakauka kabisa. Rangi ikibanduka baada ya miaka, mchoro unabaki.

Oktoba na Novemba. Kupanda

Muda wa kupanda ni mwanzo wa vuli. Kabla yake ukingo umekauka, na baada yake kuna hatari ya maji kupanda haraka kuliko mmea. Lengo ni kuyapa mafunjo miezi mitano kabla ya mafuriko ya Aprili na Mei, ili mabua mapya yawe yamepita kimo cha maji hayo.

Saa za kazi ni saa mbili hadi saa nne asubuhi. Alfajiri viboko wanarudi majini, na jua likipanda kuelekea mchana ndipo vimelea vya kichocho hutoka kwa wingi kwenye konokono. Buti ndefu na glavu za mpira ni lazima kwa kila anayeingia majini, na mtu mmoja anakaa juu ya ukingo bila kazi nyingine isipokuwa kuangalia mamba. Asipewe jembe, maana akipewa atalima.

Mstari wa mbele unakaa kwenye maji ya sentimita 10 hadi 15. Wa kati unakaa ukingoni kabisa, tope likiwa limeloa na maji yakiugusa. Wa nyuma uko sentimita 20 juu ya maji, kwenye udongo unaobaki na unyevu. Kipande kinalazwa, hakisimamishwi. Ncha yenye chipukizi inaelekea majini na kuinuka kidogo, na sehemu iliyobaki inafunikwa tope la sentimita 5. Ukikizika chote chipukizi kinakosa hewa, na ukikiacha juu maji yanakichukua. Kila kipande cha mstari wa mbele kinabanwa kwa kigingi cha mti chenye panda, urefu wa sentimita 60, kikigongwa mpaka panda iguse shina. Vigingi vya mti mbichi unaochipua kirahisi visitumike, vitaota. Mabua ya kipande yabaki juu ya maji kwa angalau sentimita 20. Bua lililokatwa likizama, maji huingia kwenye sponji na kuozesha shina zima.

Njia za viboko zinaachwa wazi. Zinatambulika: mfereji laini wa upana wa mita moja hivi, wenye nyayo za vidole vinne pande mbili. Kupanda ndani yake au kuuwekea uzio ni kupoteza vyote viwili. Kila pengo la namna hiyo linaanza na kuisha kwa vigingi viwili vya ziada ili mkeka usiachie kuanzia pale.

Wiki ya pili baada ya kupanda mabua ya zamani huwa ya manjano. Si ugonjwa. Kinachoangaliwa ni chipukizi: likiwa gumu na jeupe-kijani, kipande kiko hai. Likiwa laini na kutoa harufu ya yai bovu, ng'oa uweke kingine kutoka kitaluni.

Kero ya Novemba ni gugu maji. Upepo wa ziwani hulisukuma hadi ukingoni, linapanda juu ya vipande vichanga na kuvilaza. Kamba ya katani iliyofungwa vyupa vya plastiki vitupu kila nusu mita, ikanyooshwa mita 3 mbele ya mstari wa kwanza, inalizuia wakati maji yametulia. Kukiwa na dhoruba haizuii kitu, na asubuhi yake gugu linaondolewa kwa reki na kupelekwa juu ya ukingo, mbali ambako maji hayalirudishi.

Januari na Februari. Ng'ombe, halafu moto

Mafunjo machanga ni laini na matamu, na malisho yamekauka. Ng'ombe mmoja akiingia asubuhi moja anaweza kumaliza mita 20. Tena mdomo wake si tatizo kubwa kuliko miguu, kwa sababu bua lililolishwa linachipua tena lakini shina lililokanyagwa na kupasuka linaoza. Uzio wa miiba ya migunga ni wa bei rahisi na unadumu msimu mmoja, unaotosha. Seng'enge huibwa. Minyaa ikipandwa nyuma ya mstari wa tatu itakuwa uzio wa kudumu baada ya miaka miwili, ila utomvu wake unachoma macho, kwa hiyo isipandwe kwenye njia ya watoto wanaochota maji.

Uzio peke yake ni ugomvi. Mifugo lazima inywe, na kilichopunguza ugomvi ni kuacha mlango mmoja wa mita 8 uliotandikwa mawe hadi ndani ya maji, mahali ambapo ukingo ulikuwa tayari mgumu. Mawe ya ukubwa wa ngumi mbili, yamepangwa juu ya changarawe, kwa mteremko usiozidi mita 1 kwa kila mita 6. Mteremko mkali zaidi ng'ombe hawaupendi, watatafuta pengine, na pengine hapo ni kwenye mafunjo.

Moto huwashwa kwa sababu mbili: kupata majani mabichi ya malisho, na kufungua njia ya kufikia madimbwi ya kambare na kamongo. Kama tope chini limelowa, moto unakula mabua tu na funjo linarudi ndani ya miezi michache. Kama tope limekauka hadi kwenye mizizi, moto unaingia chini, unatambaa polepole kwa siku nyingi ukila mboji yenyewe, na hapo hakuna kinachorudi. Ukipita kwenye tindiga lililoungua, sukuma fimbo chini. Ikitoka na tope baridi subiri, usipande chochote. Ikitoka na majivu na joto, chimba mfereji wa kina cha nusu mita kuzunguka eneo na kuingiza maji. Kumwagia ndoo juu hakusaidii.

Aprili na Mei. Mafuriko

Maji yalipanda hatua kwa hatua, na hilo lilisaidia. Mstari wa kati na wa nyuma umeshika vizuri. Mabua mapya ya kila kipande yamevuka kimo cha mtu. Mstari wa mbele umekatika kwenye mapengo mawili, yote mawili kandokando ya njia za viboko, mahali vigingi vilipogongwa kwenye tope laini lisilo na udongo mgumu chini yake. Kigingi cha sentimita 60 hakitoshi pale. Fimbo ikipita tope la zaidi ya nusu mita bila kugusa kitu kigumu, kigingi kiwe cha mita 1.2.

Tope lililonaswa kati ya mistari linaonekana kwa macho: vigingi vilivyobaki na sentimita 15 juu ya ardhi Novemba sasa vimefunikwa. Kwa funjo hii si shida, linapanda pamoja na tope. Shida ni kwa nguzo moja ya zege ambayo udongo wa mbele yake umeliwa, hapo ambapo hakukupandwa chochote kwa sababu ukingo umesimama wima. Nguzo hiyo itahamishwa nyuma baada ya ofisa kupima upya. Kuijaza mawe miguuni ni kupoteza mawe.

Ndani ya mafunjo ya zamani ya jirani anasikika Laniarius mufumbiri, ndege mwenye kifua chekundu na utosi wa manjano, anayeishi kwenye mafunjo na si kwingine. Kwenye mstari mpya hayupo na hatarajiwi kwa sasa. Anataka tindiga nene, na ukanda wa mistari mitatu kwake ni uzio tu.

Juni. Utaratibu wa kuvuna

Uvunaji wa kwanza kwenye eneo lililopandwa unaruhusiwa baada ya mwaka wa pili. Kwenye tindiga la zamani utaratibu ulioandikwa ni huu. Eneo linagawanywa kwa vipande vya upana wa mita 5 kutoka nchi kavu kuelekea maji. Kipande kimoja kinavunwa, kinachofuata kinaachwa kisimame. Kipande kilichovunwa kinapumzishwa miezi 12. Kwa macho kitaonekana kimejaa baada ya miezi sita, na hapo ndipo wavunaji wanaposhawishika. Lakini urefu wa mabua unarudi kabla ya akiba ya chakula kwenye shina la matopeni. Ukikata kila miezi sita, mabua ya mzunguko wa tatu yanatoka membamba na mafupi, hayafai hata mkeka.

Bua linakatwa sentimita 15 hadi 20 juu ya maji ya juu yanayotarajiwa msimu huo, kwa mundu mkali, kwa mkato mmoja. Kwa mkeka chagua mabua ambayo shungi limeshafunguka lakini nyuzi bado ni kijani. Yaliyokauka ncha yanavunjika yakipasuliwa. Kwa paa na uzio yaliyokomaa kabisa ndiyo mazuri.

Mashungi na mabaki yote yatolewe nje ya maji. Kilichokatwa kikibaki majini kinaoza na kumaliza oksijeni, na watu wa huku wanakumbuka Machi 2022, maji ya Mara yalipogeuka meusi na samaki wakaelea. Mabaki yanalundikwa juu ya ukingo, nyuma ya nguzo, yanachanganywa na gugu maji lililokaushwa na samadi, na baada ya miezi mitatu ndiyo mbolea ya kitalu cha Agosti. Mafunjo yaliyokatwa karibu na vijito ambako wachimbaji wadogo husafisha dhahabu kwa zebaki hayaingii kwenye lundo hilo wala kwenye chakula cha mifugo. Yanatumika kwa uzio.

Kitalu cha msimu huu kina tuta moja tu, kwa ajili ya mapengo mawili ya mstari wa mbele na mita 40 za ukingo wa upande wa juu wa mto. Vigingi vya mita 1.2 vinakatwa sasa hivi ili vikauke na visichipue Oktoba.